Mammoth Mountain mwezi Mei: acha kuangalia joto la mchana, angalia anga ya usiku

BintiSierra

Wakuu, salaam. Nimerudi juzi usiku kutoka Mammoth Mountain, kituo cha kutelezea theluji kwa skii huko California, baada ya siku tatu mfululizo, Ijumaa hadi Jumapili, na nimeona niyaandike yote mahali pamoja. Kila ifikapo Mei naulizwa swali lile lile: "Dada, theluji bado ipo?" Ipo. Pale Main Lodge, kituo kikuu cha chini ambapo lifti zinaanzia, bado kuna theluji inayompita mtu mzima kimo, na kileleni ni zaidi ya hapo. Lakini jibu hilo halikusaidii kitu. Mwezi Mei theluji ipo kila siku, ila haifanani asubuhi na mchana, wala upande huu wa mlima na ule. Unachotakiwa kujua kabla ya kutoka ni kimoja: usiku wa kuamkia siku yako anga itakuwaje?

Nianze na nilichokiona.

Ijumaa alfajiri kipimajoto cha gari kilisoma nyuzi 1 juu ya sifuri. Mawingu yalikuwa yametanda tangu jioni iliyotangulia. Lifti za kupandisha watu mlimani zilipofunguliwa nilikuwa kwenye foleni, na mteremko wangu wa kwanza ulikuwa kwenye njia ya Broadway. Theluji ilikuwa haijaganda hata kidogo. Mashine zilikuwa zimeisawazisha usiku, lakini mistari yake ilibomoka chini ya skii kama udongo uliolowa mvua. Kufikia saa 3 asubuhi nilikuwa nazama hadi kifundoni. Nilishuka mara sita, nikavua skii.

Usiku wa kuamkia Jumamosi ulikuwa na joto zaidi, nyuzi 2 juu ya sifuri. Wenzangu wakataka kulala. Hesabu yao: kama kwa nyuzi 1 haikuganda, kwa nyuzi 2 itaganda vipi? Niliwaomba watoke nje watazame juu. Nyota tele, hakuna wingu, hakuna upepo. Asubuhi ile theluji ilikuwa ngumu kama sakafu ya saruji na kingo za skii zilikuwa zinalia kwenye kila kona.

Imekuwaje usiku wenye joto zaidi ndio ukagandisha? Theluji hutoa joto lake kuelekea angani usiku kucha, na hutoa kwa nguvu sana. Anga ikiwa wazi joto hilo linakwenda zake, halirudi. Uso wa theluji unapoa mpaka chini ya sifuri hata kama hewa iliyo mita mbili juu yake, ambayo ndiyo inayopimwa, bado iko nyuzi 2 au 3. Mawingu yakitanda ni kama umeifunika blanketi: joto linarudishwa chini. Upepo nao unaleta hewa ya vuguvugu kwenye uso kila dakika. Upande huu wa mashariki wa safu ya milima ya Sierra Nevada umekaa kuelekea jangwa, hewa yake ni kavu, na hewa kavu inaachia joto lipite kuliko hewa yenye unyevu. Kwa hiyo huku usiku wa anga safi ni mali.

Na kwa nini tunaitaka igande, wakati barafu inatutetemesha magoti? Kwa sababu bila kuganda hakuna theluji ya punje. Wenyeji wa huku wameipa jina la mahindi, na ukiichota kiganjani utaona kwa nini: ni punje za mviringo, kubwa, zilizoshikana kwa uzi mwembamba wa barafu. Mchana chembe ndogo zinayeyuka kwanza, maji yake yanazizunguka zile kubwa, usiku yanagandia palepale. Kesho yake hivyohivyo. Baada ya siku kadhaa za kuyeyuka na kuganda, chembe zote ndogo zimekwisha na zimebaki punje. Asubuhi zimegandamana. Jua likizipata, ule uzi unaachia taratibu kutoka juu kwenda chini. Kuna muda, labda dakika arobaini kwa kila upande wa mlima, ambapo sentimita mbili tatu za juu zimelegea na chini yake bado pagumu. Hapo ndipo nilipo mimi. Skii inakata bila kelele, haizami, haitetemeki, na unaweza kuegemea kona kwa mwili wote ukijua itakupokea. Mtu aliyeonja muda huo mara moja anaelewa kwa nini tunaamka saa 10 usiku.

Sasa kuhusu mlima wenyewe, maana wengine hamjaufika. Uko California, juu ya mji wa Mammoth Lakes, mwendo wa saa tano hivi kwa gari kutoka Los Angeles kwa barabara ya 395. Kilele ni mita 3,369, na Main Lodge iko takribani mita 2,740. Kusini yake kuna pengo katika safu ambalo dhoruba za Pasifiki zinapenyea, ndiyo maana hapa theluji hurundikana kuliko kwa majirani. Aliyelijua hilo mapema ni Dave McCoy, mwanzilishi wa kituo. Alikuwa mpima theluji wa idara ya maji ya Los Angeles. Kazi yake ilikuwa kuzunguka milima hii akipima kina na uzito wa theluji ili mji ujue utapata maji kiasi gani. Mtu aliyezishika namba zile mkononi ndiye aliyechagua mlima huu, na mwaka 1955 lifti yake ya kwanza ya viti ikaanza kazi. Alifariki 2020 akiwa na miaka 104. Kila nikipita kituo cha katikati cha gondola (vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba kwenda kileleni) chenye jina lake huwa namkumbuka.

Na sehemu kubwa ya miteremko hii inatazama kaskazini. Hiyo ndiyo siri ya msimu mrefu. Mwaka 2023, baada ya theluji ya zaidi ya mita 18 kuanguka pale Main Lodge tu, kituo kilifunga tarehe 6 Agosti.

Tafadhali ulizeni. Nitaeleza ratiba yangu ya saa kwa saa nikishapumzika.

Mgeni wa Skii

Dada BintiSierra, asante sana kwa uzi. Mimi nimeanza msimu huu, Desemba, na nimekwenda mara nne tu. Nina wikendi moja ya mapumziko kabla ya kazi kunibana. Je, mtu wa kiwango changu aje Mei au asubiri mwakani? Naweza kushuka njia za kijani (rahisi) na baadhi ya za buluu (za kati). Barafu uliyoitaja inanipa hofu.

BintiSierra

Njoo. Kwa mgeni theluji ya machipuko ikilegea ni mwalimu mpole kuliko ile ya Desemba. Inakupunguzia kasi yenyewe, ukianguka haikuumizi, na vidole havikufi ganzi. Ila usije na saa za Desemba. Lifti zikifunguliwa, kunywa maji, tembea, pasha viungo. Mteremko wako wa kwanza uwe saa 3 na nusu, njia pana zilizosawazishwa, upande uliokwisha kupigwa na jua. Sisi tunaowahi tunafanya hivyo kwa ajili ya nafasi na kasi. Wewe huna haja ya sakafu ya saruji.

Ikifika saa 6 mchana pumzika hata kama unajisikia vizuri. Theluji iliyolowa inaishika skii ghafla huku mwili wako ukiendelea kwenda mbele, na goti ndilo linalolipa. Wengi ninaowajua walioumia Mei waliumia mchana, kwenye "mteremko mmoja wa mwisho", miguu imechoka.

Jambo jingine kwako: mita 2,740 si mchezo kwa mtu anayetoka usawa wa bahari. Fika siku moja kabla, lala mjini, kunywa maji kuliko unavyoona inafaa. Kichwa kikiuma usikilazimishe.

Mpenzi wa Poda

Naheshimu maelezo, lakini mimi naona tunaipamba sana Mei. Theluji ni ile ya Januari, poda, kavu, nyepesi, imefika kiunoni. Hii ya machipuko ni mabaki. Unapata saa tatu nzuri, ukichelewa umekosa, ukiwahi umekosa. Na hapo vituo vingine vya chini, Canyon Lodge na Eagle Lodge, vimeshafungwa, kila mtu kabanana Main Lodge. Mimi huwa natundika skii mwisho wa Machi.

BintiSierra

Kaka, poda naipenda pia na sitaisema vibaya. Lakini fanya hesabu ya mwaka mzima. Siku ya poda Januari unaendesha gari kwenye dhoruba, unafunga minyororo kwenye matairi usiku, unafika unakuta lifti za juu zimesimama kwa sababu ya upepo, zikifunguliwa theluji yote imekwisha kukatwakatwa saa mbili baadaye. Mammoth inajulikana kwa upepo; mara ngapi umekaa chini unatazama kilele kimefungwa? Mwezi Mei siku zenye utulivu ni nyingi, kilele kiko wazi, barabara kavu. Na theluji ya punje inajirudia. Poda ukishaipita imekwisha, unasubiri dhoruba nyingine. Punje zinatengenezwa upya kila usiku wa nyota, mahali palepale, bila tone jipya kuanguka.

Kuhusu kufungwa kwa Canyon na Eagle uko sahihi kwamba eneo linapungua. Lakini lodge zile ziko chini zaidi, na Eagle inatazama jua la asubuhi. Hata zingefunguliwa, kufikia saa 4 ungekuwa unateleza kwenye uji. Wanabana kazi mahali ambapo theluji inastahimili.

Sasa ile ratiba.

Jua la Mei si la Desemba. Tarehe 21 Desemba, saa sita mchana, jua la hapa huinuka nyuzi 29 tu juu ya upeo. Mteremko wa nyuzi 30 unaotazama kaskazini haulioni kabisa, siku nzima uko kivulini. Katikati ya Mei jua linafika nyuzi 71. Mteremko uleule sasa unapigwa kwa nyuzi 41. Kwa hiyo usidanganyike na neno "kaskazini". Kaskazini inachelewa tu, haiponi.

Jumamosi yangu ilikwenda hivi. Saa 1 na nusu hadi saa 2 na nusu, njia zilizosawazishwa, kwa kasi, juu ya ule ugumu wenye mistari. Kingo zangu nilizinoa usiku. Saa 2 na nusu nikaanza kutafuta pande zinazotazama mashariki, maana jua lilikuwa limezipiga tangu kabla ya saa 12 asubuhi. Hizo ndizo zilizolegea kwanza. Saa 3 na nusu nikahamia njia ya St. Anton na miteremko ya katikati. Sikupanda kileleni. Watu walikuwa wanapanda na gondola saa 2 asubuhi kwenda Cornice Bowl, mteremko mkali chini ya kilele, na kutoka kwenye kiti cha lifti nilikuwa nawasikia wakikwaruza barafu kutoka juu hadi chini. Kileleni kuna baridi zaidi ya Main Lodge kwa karibu nyuzi 4, na Cornice inatazama kaskazini. Nikasubiri. Saa 4 na dakika arobaini nikapanda. Ukingo wa juu ulikuwa bado mgumu, nikautelezea ubavu taratibu, na mita ishirini chini yake ikawa punje tupu, laini, sawasawa mpaka chini. Nikarudia mara nne. Mara ya nne skii zilianza kuacha mfereji nyuma yangu, nikajua upande huo umekwisha.

Kipimo changu ni fimbo ya skii. Nisimamapo naichomeka. Ikigoma kabisa, ni mapema. Ikiingia sentimita mbili tatu kisha ikagonga, ndiyo saa yenyewe. Ikizama bila kugonga kitu, hama upande au ondoka.

Doria Mstaafu

Binti umeeleza vema. Nimefanya kazi ya doria, yaani ulinzi na uokoaji, kwenye milima ya skii kwa miaka mingi, naomba niongeze upande wa usalama kwa sababu Mei watu hujiachia.

Kwanza maporomoko ya theluji. Wengi wanadhani ni ya msimu wa baridi. Theluji iliyolowa huporomoka pia, na ni nzito. Ile ya machipuko hufika kilo 400 hadi 500 kwa mita moja ya ujazo, wakati poda mpya mara nyingi haifiki hata 100. Ikikukamata hata hadi magotini inakuvuta kama zege. Ndani ya mipaka ya kituo walinzi wanafunga maeneo kabla hayajafikia huko, kwa hiyo kamba ukiikuta imefungwa saa 6 mchana ilhali asubuhi ulipita, usiikasirikie. Hakuna aliyekosea, ni jua. Nje ya mipaka unajitegemea. Dalili zake: theluji inajiviringisha yenyewe kuwa mipira na kushuka kutoka kwenye miamba na miti, mguu bila skii unazama kufikia goti, na kubwa kuliko zote, usiku mbili tatu mfululizo bila kuganda. Hapo maji yamepenya mpaka chini na hakuna kinachoshika tabaka za theluji. Taarifa za kila siku za Eastern Sierra Avalanche Center, kituo cha tahadhari za maporomoko ya eneo hili, ni za msimu wa baridi. Ukizikuta zimesimama, hatari haijasimama nazo.

Pili, mashimo. Huu mlima ni volkano. Kuna matundu yanayotoa gesi, na joto lake huchimba uwazi chini ya theluji bila wewe kuona kitu juu. Tarehe 6 Aprili 2006 wenzetu watatu wa doria walifariki hapa. Walikuwa wanazungushia uzio tundu la gesi, theluji ikabomoka, wawili wakatumbukia, wa tatu akaingia kuwaokoa. Kilichowaua ni hewa ya mle ndani, isiyo na oksijeni ya kutosha. Tangu siku ile siwezi kuona uzio mlimani nikaupuuza. Pale Horseshoe Lake, nyuma ya mlima, kuna eneo la miti iliyokufa kwa sababu ya hewa ya ukaa inayopanda kutoka ardhini. Ukiona ishara pale, zisome na uzitii, hasa ukiwa na watoto, maana gesi ile ni nzito kuliko hewa na hukaa mabondeni na kwenye mashimo ya theluji.

Tatu, kandokando ya miamba na miti. Mwamba unapata moto mchana, theluji inayeyuka pembeni yake, unabaki ufa uliofunikwa na ukoko mwembamba. Kaa mbali nayo upana wa lifti ya viti angalau.

BintiSierra

Shikamoo mzee wangu. Asante kwa hili, na poleni kwa wenzenu.

Mgeni wa Skii

Asante mzee. Sikujua lolote kuhusu volkano. Swali dogo: skii nilizokodi mara ya mwisho zilikuwa zinanata. Sehemu tambarare nilikuwa nasukuma kwa fimbo wakati wenzangu wanapita tu. Nilidhani ni uzito wangu.

Mzee wa Nta

Si uzito wako kijana, ni nta. Hili ndilo eneo langu.

Theluji ikilowa, kati yake na sakafu ya skii kunakuwa na tabaka la maji. Maji kidogo yanasaidia kuteleza. Yakizidi yanafyonza, kama vioo viwili vilivyolowa ukivibandika pamoja. Vitu viwili vinaondoa mfyonzo huo. Cha kwanza ni nta ya joto, ile laini, nyingi huwa za rangi ya njano, ambayo inayasukuma maji. Cha pili ni michoro kwenye sakafu ya skii, mifereji midogo ya kuachia maji yapite na hewa iingie. Michoro ya Mei inatakiwa iwe mikubwa kuliko ya Januari. Ukipeleka skii kwa fundi mwambie "natelezea theluji iliyolowa", atajua.

Cha tatu watu wanakisahau: uchafu. Theluji ya Mei imebeba vumbi, chavua, utomvu wa misonobari, mafuta kutoka kwenye mitambo. Vyote vinang'ang'ania sakafu ya skii kuliko unavyodhani. Geuza skii yako mchana uone mistari myeusi. Isafishe kila jioni kabla ya kupaka nta, la sivyo unaipaka nta juu ya uchafu. Halafu zikaushe. Kingo zina kutu usiku mmoja tu zikilala zimelowa kwenye begi.

Skii za kukodi mwisho wa msimu mara nyingi zimekauka kabisa. Pitisha kidole kwenye sakafu yake kabla hujazichukua. Ikiwa na weupeweupe wa kukauka, omba wapake nta au wakupe nyingine. Mimi mwaka mmoja nilichukua bila kuangalia kwenye duka moja mjini, nikapoteza siku nzima. Ni haki yako kuomba, na wengi hawakatai.

Chausiku_395

Naongeza la ngozi na macho, kwa sababu mwaka juzi nililipata kwa machozi. Nilipaka dawa ya jua usoni, nikasahau chini ya kidevu na ndani ya tundu za pua. Theluji inarudisha mionzi kutoka chini. Shirika la Afya Duniani linasema theluji mpya inaakisi hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno, na kwa kila mita 1,000 unazopanda mionzi inaongezeka kwa takribani asilimia 10. Nilikuwa juu ya mita 3,000. Kidevu kilitoa malengelenge.

Na mume wangu aliteleza saa mbili bila miwani kwa sababu ilikuwa na ukungu. Mchana hakuhisi kitu. Saa 3 usiku akaamka anasema macho yana mchanga, hawezi kufungua, anatiririsha machozi. Ilimchukua siku mbili ndani ya chumba chenye giza. Daktari alisema konea zimeungua kwa jua. Hata kukiwa na mawingu mepesi msivue miwani. Miwani ikipata ukungu, simama pembeni, ikaushe, uivae tena.

BintiSierra

Chausiku pole sana kwa mzee. Ongezea na masikio na midomo hapo.

Kuna kitu Mzee wa Nta amegusa, vumbi, na nataka kukirudia. Theluji safi na mpya inarudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoipiga. Ikishachakaa na kuchafuka inarudisha pengine nusu tu. Maana yake joto linaloingia linaongezeka maradufu na zaidi. Ndiyo maana ukitazama mlima mwezi Mei unaona mabaka ya kahawia yanazama kuliko sehemu nyeupe zilizo jirani. Nikiwa na uchaguzi nafuata nyeupe, inashika punje kwa muda mrefu zaidi. Mkiona baka la waridi mwezi Juni au Julai msishangae: ni mwani unaoishi kwenye theluji. Unapendeza, ila nao unayeyusha.

Na maji yale hayapotei. Sehemu ya theluji ya upande huu wa Sierra inashuka hadi bonde la Owens na kuingia kwenye mfereji uliofunguliwa 1913 kwenda Los Angeles. Ndiyo yale maji McCoy aliyokuwa akiyapima. Huwa natelezea Mei nikijua kwamba mwezi ujao watu watafungua bomba mamia ya kilomita kutoka hapa na kunywa mteremko wangu. Nalipenda wazo hilo mno.

Jumapili sijaisimulia: usiku ulianza na nyota, saa 8 usiku mawingu yakaja. Asubuhi kulikuwa na ukoko mwembamba unaobeba skii lakini haubebi kiatu. Siku za namna hiyo saa nzuri inakuja mapema sana na inaondoka haraka. Nilipata kuanzia saa 2 hadi saa 3 na robo, basi.

Mpenzi wa Poda

Hilo la punje kutengenezwa upya kila usiku sikuwahi kulifikiria hivyo. Nakubali kwamba nimekuwa nikienda saa 4 asubuhi kama Januari, kisha nalaumu mlima. Nitajaribu mara moja. Lakini dhoruba ya Mei ikishusha sentimita thelathini nitarudi hapa kuwakumbusha.

BintiSierra

Ikishuka nitakuwa kwenye foleni kabla yako kaka. Ila wahi, maana poda ya Mei jua likiipiga saa moja tu inageuka gundi.

Mgeni wa Skii

Wakuu, nimerudi. Nilikwenda wikendi hii, nawapa taarifa kama mlivyonielekeza.

Nilifika Ijumaa mchana, nikalala mjini. Usiku saa 5 nilitoka nje kutazama juu. Nyota. Kipimajoto nyuzi 3 juu ya sifuri. Nikasema nitaamini maneno ya dada. Asubuhi saa 2 niligonga theluji kwa kisigino pale karibu na lifti, kisigino kiliuma. Nikakaa. Nilikunywa maji, nikaomba skii nyingine maana za kwanza zilikuwa na weupe kama alivyosema Mzee wa Nta; walibadilisha bila neno.

Saa 3 na dakika ishirini nilichomeka fimbo: inagoma. Saa 3 na nusu: inagoma. Saa 4 kasoro dakika kumi iliingia, ikagonga. Nikapanda.

Sina maneno ya kiufundi ya kueleza. Kwa mara ya kwanza tangu nianze sikuwa nawaza kuhusu skii. Niligeuka kushoto ikageuka, kulia ikageuka. Nilishuka njia ya buluu nzima bila kusimama, halafu nikapanda tena, na tena, mara saba. Mara ya nane nilichomeka fimbo ikazama mpaka mkononi. Ilikuwa saa 5 na nusu. Nilitaka sana kwenda mara moja zaidi, lifti ilikuwa tupu. Nikavua.

Swali: leo jioni mawingu yanaingia kutoka magharibi. Kesho asubuhi nitoke au nilale?

BintiSierra

Hongera sana mdogo wangu. Amka saa 10, fungua dirisha. Ukiona nyota hata nusu ya anga, vaa. Kukiwa kumefunikwa kote, lala mpaka saa 2, kisha uende taratibu kaskazini mwa mlima kwenye njia zilizosawazishwa tu, na umalize saa 4. Utuambie umekuta nini.

Mgeni wa Skii

Saa 10 na dakika tano. Mashariki nyota, magharibi wingu. Navaa buti.